Ruta yako haijafa, Mwalimu: OpenWrt, waifai iliyopotea na foleni ya intaneti bomani

Swali: Nina faiba ya megabiti 15 nyumbani Mamboleo, Kisumu. Tunaitumia boma zima: nyumba yangu, ya mama, na ya ndugu yangu kule nyuma. Jioni vijana wakianza kupakua filamu, mimi sisikiki tena kwenye mkutano wa Zoom. Nilisoma kwamba ukiweka OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, unaweza kugawa intaneti kwa haki. Nikanunua TP-Link TL-WR841N ya mitumba Kibuye, chini imeandikwa Ver: 13.0, nikaifleshi, yaani nikaiandika upya programu yake, kwa TFTP (njia ya kutuma faili kupitia kebo) nikifuata video. Ilizima, ikawaka tena, na sasa taa ziko lakini jina la waifai halionekani kwenye simu, wala 192.168.0.1 haifunguki. Fundi mmoja mjini ameniambia imekufa, niitupe. Ni kweli? Na je, singefanya kazi hii kwenye kisanduku chenyewe cha faiba nikaokoa pesa?

Jibu:

Mwalimu, usiitupe. Dalili ulizozitaja ndizo hasa za ruta ambayo OpenWrt imeingia ikakaa vizuri. OpenWrt ikiwaka kwa mara ya kwanza huja na waifai imezimwa, na imefanywa hivyo makusudi: bado haina nywila, kwa hiyo kama ingejirusha hewani yenyewe, jirani yeyote angeingia na kuimiliki kabla yako. Pia imehama anwani. Fimwea (programu ya ndani) ya TP-Link ilikaa 192.168.0.1, OpenWrt inakaa 192.168.1.1. Unaitafuta kwa simu, kwa njia ambayo haijafunguliwa, kwenye anwani ambayo ilishaihama.

Kinachohitajika ni kebo. Chomeka upande mmoja kwenye laptopu na mwingine kwenye mojawapo ya milango minne iliyo pamoja, si ule wa buluu uliojitenga. Kama laptopu yako ni zile nyembamba zisizo na mlango wa kebo, kuna adapta za USB madukani, na nyingi hukubali hata kwenye simu za Android. Mlango wa buluu uache mtupu kabisa kwa sasa, sababu nitaieleza.

Kisha zima waifai ya laptopu. Watu wengi hukwama hapa. Laptopu yako bado imeshikana na waifai ya kisanduku cha faiba, na visanduku vingi navyo hukaa 192.168.1.1. Ukiandika anwani hiyo kwenye kivinjari utafunguliwa ukurasa wenye nembo ya kampuni ya intaneti, utadhani OpenWrt haikuingia, utarudi kuifleshi upya, na safari hii huenda ukaiharibu kweli. Waifai ikiwa imezimwa, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Ukiona laptopu imepewa anwani inayoanza na 192.168.1, basi kuna mashine hai upande wa pili wa kebo iliyoitoa. Ukiona 169.254, laptopu imejipa anwani yenyewe kwa kukosa wa kuipa, na tutaiangalia hali hiyo baadaye.

Andika http://192.168.1.1, na hiyo http iandike mwenyewe, kwa maana vivinjari vya siku hizi hukimbilia https. Jina la kuingilia ni root, nywila acha wazi. Ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt, unaoitwa LuCI, utafunguka na jambo la kwanza utakaloliona ni onyo kwamba hakuna nywila. Iweke papo hapo.

Sasa ule mlango wa buluu. Kama kisanduku chako cha faiba kinagawa anwani za 192.168.1.x, na OpenWrt nayo ndani inagawa 192.168.1.x, ruta itakuwa na mtandao mmoja mbele na nyuma, haitajua data ipeleke wapi. Matokeo yake ni intaneti isiyofunguka ilhali taa zote ni sawa, na ndipo mtu huanza kulaumu fimwea. Dawa ni kubadilisha anwani ya ndani kabla ya kuunganisha faiba. Nenda kwenye Network, kisha Interfaces, hariri lan (mtandao wa ndani), weka mathalani 192.168.50.1. Ukihifadhi, LuCI hukupa sekunde 90 za kuthibitisha kwamba bado unaifikia. Zikipita bila wewe kufungua anwani mpya, inarudisha ya zamani. Kwa hiyo chomoa kebo na uirudishe upesi ili laptopu ichukue anwani mpya, kisha ufungue 192.168.50.1. Ikikushinda mara ya kwanza hakuna kilichoharibika, rudia. Baada ya hapo ndipo unapochomeka kebo kutoka kisanduku cha faiba kwenye mlango wa buluu.

Waifai iko chini ya Network, Wireless. Kabla hujabonyeza Enable, hariri: jina unalotaka, usimbaji wa WPA2, nywila ndefu, na nchi weka KE. Nchi si pambo. Ndiyo inayoiambia redio chaneli zipi na nguvu kiasi gani zinaruhusiwa. Marekani jambo hili lilizua mvutano mkubwa: mwaka 2016 TP-Link ilikubali kuilipa tume ya mawasiliano ya huko, FCC, dola 200,000 kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliweza kuvushwa kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa, na katika makubaliano hayohayo ikaahidi kushirikiana na wanaoandika fimwea huria. Kabla ya hapo wengi wetu tuliogopa mlango ungefungwa kabisa. Na usihangaike kupandisha nguvu. Ruta ikipaza sauti na simu ya mama haina nguvu ya kuijibu, utaona vijiti vimejaa na ukurasa haufunguki.

Sasa tuseme ulipopima ulipata 169.254, au ukurasa umekataa kabisa. Hapo pia bado. OpenWrt ina hali ya dharura inayoitwa failsafe. Chomoa ruta kwenye umeme, irudishe, kisha itazame taa. Ikishaanza kuamka, taa moja hupepesa haraka kwa sekunde chache. Katika sekunde hizo bonyeza kitufe cha riseti. Taa itaanza kupepesa kwa kasi zaidi, nayo ndiyo ishara kwamba imekubali. Katika hali hii ruta haigawi anwani, kwa hiyo ipe laptopu anwani kwa mkono, 192.168.1.2, kisha kwenye dirisha la amri uingie kwa ssh root@192.168.1.1. Andika firstboot -y na baadaye reboot. Mipangilio yote itafutwa na ruta itaamka kama siku ya kwanza. Failsafe huokoa ruta ambazo mwenyewe amejifungia nje kwa mipangilio, na hao ndio wengi.

Kama hata failsafe haijibu, rudi kwenye TFTP uliyoitumia mwanzo. Njia hiyo inaishi kwenye bootloader, programu ndogo inayoamka kabla ya fimwea yoyote, na maadamu bootloader ni nzima ruta hiyo haijafa, hata fundi aape namna gani. Matatizo ya TFTP karibu yote huwa upande wa laptopu. Ukuta wa moto wa Windows huzuia programu ya Tftpd64 kimyakimya. Windows huficha mikia ya majina ya faili, kwa hiyo mtu anabadilisha jina kuwa tp_recovery.bin kumbe limekuwa tp_recovery.bin.bin. Anwani ya laptopu inabidi iwe ileile ambayo bootloader inaitafuta. Kwenye familia hii ya TP-Link huwa 192.168.0.66 au 192.168.0.225 kutegemea kifaa, na ukurasa wa kifaa chako kwenye tovuti ya OpenWrt hutaja ipi. Halafu kuna lile linalowachosha wengi: ruta ikizimwa, Windows huona kebo imekufa, ikiwashwa, Windows huchukua sekunde kadhaa kuiamini tena kebo, na dirisha la bootloader huwa limeshafungwa. Weka swichi ndogo katikati, yoyote, hata ya zamani. Laptopu itaendelea kuona kebo hai muda wote, na faili itachukuliwa mara tu ruta inapoiomba. Kwenye dirisha la Tftpd64 utaona mstari wa maendeleo ukijaa. Usiguse chochote mpaka ruta iamke yenyewe.

Ruta huwa tofali kweli pale bootloader inapofutwa, na njia rahisi ya kuifuta ni hii: mtu anataka kurudi kwenye fimwea ya kiwanda, anachukua faili ya TP-Link yenye neno boot ndani ya jina lake, anaipakia kama ilivyo kwenye OpenWrt. Faili za namna hiyo zimebeba bootloader mbele, na zisipokatwa sehemu hiyo huandikwa mahali pasipo pao. Ikifika hapo, kinachobaki ni kuifungua ruta, kuunganisha waya za serial za volti 3.3 kwa kasi ya 115200, au hata kuiandika upya chipu ya memori kwa kifaa cha CH341A. Inawezekana, lakini kwa ruta ya bei hiyo muda wako ni ghali kuliko yenyewe.

Kuhusu ununuzi wako, ulipata bahati ambayo huenda hukuitambua. Jina TL-WR841N limepewa mashine nyingi zisizofanana. Toleo la 9 hadi la 11 zina chipu ya Qualcomm QCA9533, memori ya kuhifadhi megabaiti 4 na ya kufanyia kazi 32. Toleo la 13, lako, lina chipu ya MediaTek MT7628, megabaiti 8 na 64. Toleo la 14, jipya zaidi, limerudi kwenye 4 na 32. Yaani ungeokota lile jipya pale Kibuye, lenye boksi zuri, ungekuwa umenunua duni. OpenWrt iliacha kujenga fimwea za kawaida kwa mashine za 4 na 32 baada ya mfululizo wa 19.07, ukizikuta, zinaendeshwa na toleo la zamani lisilotiwa viraka vya usalama tena, na mtu haweki kitu kama hicho mlangoni mwa nyumba yake. Ndiyo maana mimi husoma kibandiko cha chini kabla sijauliza bei. Muuzaji atakuonyesha jina la mbele na antena, wewe ipindue.

Mchezo huu ni wa tangu mwanzo. OpenWrt yenyewe ilizaliwa mwaka 2004 kutokana na Linksys WRT54G, baada ya kampuni hiyo kulazimika kutoa msimbo wa Linux iliyokuwa ndani. Ruta ikapendwa na mafundi dunia nzima. Lilipokuja toleo la 5, jina likabaki lilelile na umbo lilelile, lakini memori ilikatwa nusu, hadi megabaiti 2 na 8, na ndani hapakuwa tena na Linux. Wapenzi wake walilalamika sana, na kampuni ikatoa WRT54GL kwa ajili yao.

Megabaiti 8 na 64 ni za kubana, hata hivyo. Usijaribu kuijazia vitu: kizuia matangazo, VPN, takwimu za kila simu. Itaishiwa memori na kuanza kujizima usiku. Wewe una kazi moja na inatosha.

Kazi hiyo ni foleni. Shida yako ya Zoom si kwamba megabiti 15 ni chache. Sauti ya mkutano haihitaji hata megabiti moja. Shida ni kwamba kijana anapopakua filamu, au simu ya mtu inapopandisha picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, data zake hujaza foleni ndani ya kisanduku cha faiba na kwenye mitambo ya kampuni, na vipande vidogo vya sauti yako vinapanga mstari nyuma yake. Ni kama bomba la ploti mtu akija na mitungi ishirini: wewe una kikombe tu, lakini unangoja. Unaweza kuiona kwa macho. Fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8 -t, uache ikikimbia, kisha umwambie kijana aanze kupandisha video. Namba zilizokuwa makumi machache ya milisekunde zitapaa hadi mamia. Hiyo ndiyo kelele unayoisikia kama sauti inayokatika.

OpenWrt ina chombo kinachoitwa SQM, na ndani yake kanuni ya kupanga foleni inayoitwa cake. Kazi yake ni kuwapitisha wenye vikombe bila kuwanyima wenye mitungi. Lakini haiwezi kupanga foleni iliyo ndani ya kisanduku cha watu wengine, na hapo ndipo mantiki yote ilipo: unaiambia ruta yako ipitishe kidogo chini ya uwezo wa laini, ili kisanduku cha faiba kisijae kamwe, na foleni yote ijengeke kwako, mahali ambapo cake inatawala. Pima kasi ya laini yako asubuhi mapema na tena saa mbili usiku, kwa kebo. Chukua namba ndogo ya hizo mbili, kisha uanze na asilimia 90 yake. Ukipata megabiti 15 za kweli kwenda na kurudi, weka 13500 kwa kushusha na 13500 kwa kupandisha, maana SQM huhesabu kwa kilobiti. Rudia kipimo cha ping. Kikibaki tulivu, panda kidogo kidogo, kikiruka, shuka.

Unapoteza megabiti moja na nusu kwenye karatasi. Kwa boma lenye watu wengi ningeziacha ziende bila kufikiri mara mbili.

Kuiweka SQM, usiisakinishe juu ya fimwea uliyonayo. Nenda kwenye ukurasa wa OpenWrt wa kuchagua fimwea, andika TL-WR841N v13, fungua sehemu ya kubadilisha vifurushi, ongeza luci-app-sqm, uombe ijengwe. Utapata faili mbili au tatu. Kwa sababu OpenWrt imeshaingia, yako sasa ni ile yenye neno sysupgrade. Ile ya tftp-recovery ni ya kuingilia kutoka kiwandani au ya dharura. Kifurushi kilichojengwa ndani ya fimwea hukandamizwa pamoja nayo, kwa hiyo hula nafasi ndogo kuliko kikisakinishwa baadaye, na kwenye megabaiti 8 tofauti hiyo unaihisi. Kabla ya kuipakia, linganisha alama ya sha256 (mfuatano wa herufi na namba unaoonyesha kama faili ni nzima) ya faili uliyoshusha na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa. LuCI nayo itakuonyesha alama hiyo kabla ya kukuomba uthibitishe. Faili iliyokatika njiani kwa sababu bando liliisha ni kitu cha kawaida kwetu.

Ukishawasha SQM kwenye wan (ule mlango wa buluu), chagua cake, kisha kwenye mipangilio ya kina (Advanced) ya foleni weka nat dual-dsthost ingress upande wa kushusha na nat dual-srchost upande wa kupandisha. Bila hayo, cake hugawa kwa miunganisho, na programu ya kupakua inayofungua miunganisho arobaini hupata mafungu arobaini. Ukiyaweka, inagawa kwa kifaa. Lakini hesabu vizuri: ndugu yako akiwa na televisheni, laptopu na simu tatu, hayo ni mafungu matano dhidi ya lako moja. Ukitaka haki iwe ya nyumba kwa nyumba, mpe kila mmoja ruta yake ndogo iliyochomekwa kwenye hii kwa kebo, ikifanya NAT, yaani kuficha vifaa vyake vyote nyuma ya anwani moja, kama kawaida. Cake itaiona nyumba nzima kama kifaa kimoja. Hapo hata ile WR841N ya toleo la 14 uliyoikwepa ina kazi, ikiwa na fimwea yake ya kiwanda.

Kuna mawili yatakayoharibu kazi hii yote. La kwanza, kuacha waifai ya kisanduku cha faiba ikiwaka. Yeyote aliyeunganishwa nayo anaipita ruta yako pembeni, haguswi na SQM, na foleni inarudi palepale. Ingia kwenye kisanduku uizime, na uhakikishe kebo pekee inayotoka humo inaenda kwenye mlango wa buluu. La pili ni kile kitu kinachoitwa flow offloading kwenye mipangilio ya ukuta wa moto. Kinaongeza kasi kwa kuruka njia ya kawaida, na ikirukwa njia hiyo SQM nayo inarukwa. Kiache kimezimwa.

Kuhusu kukifleshi kisanduku chenyewe cha faiba: hapana. Si mali yako kwanza, soma mkataba. Pili, kwenye mtandao wa faiba kisanduku hutambuliwa na mtambo wa kampuni kwa namba yake ya serial au nywila ya usajili, na kampuni hukiendesha kutoka mbali. Sehemu inayozungumza na mwanga haina dereva huria ya kuaminika, na OpenWrt haivihudumii visanduku hivyo vya kawaida vya majumbani. Ukikivuruga unabaki bila intaneti, ukingoja mtu aje na kipya akulipishe. Kiache kifanye kazi yake ya kugeuza mwanga kuwa kebo. Baadhi ya kampuni zinakubali kukiweka kwenye hali ya daraja ukiwaomba kwa simu, halafu ruta yako ndiyo inashika anwani ya nje. Wakikataa, utakuwa na NAT mbili zilizopangana, na kwa Zoom, YouTube na masomo hutaona tofauti. Itakusumbua tu ukitaka kufikia kamera za nyumbani ukiwa mbali. Hata hapo, angalia anwani ya nje kwenye kisanduku: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni nayo imekuweka nyuma ya NAT yake, na hali ya daraja isingekusaidia.

Na ikiwa wale wa nyumba ya nyuma wataanza kukulipa kila mwezi, jua kwamba kuuza intaneti kwa umma Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mikataba ya faiba ya nyumbani mara nyingi hukataza kuuza tena. Kuchangia bili na mama si jambo la kukusumbua.

Stima. Usifleshi ruta mawingu yakianza kujikusanya alasiri upande wa milima ya Nandi. Ile dakika mbili au tatu ambapo fimwea inaandikwa ndiyo pekee ambayo kukatika kwa umeme kunaumiza. Kama una ile mini-UPS ya ruta, itumie, lakini soma volti kwenye kibandiko cha ruta na kwenye tundu la UPS kabla ya kuchomeka. Zina tundu la 9 na la 12 zilizokaa bega kwa bega, na plagi ileile huingia kote.

Waifai ya chipu ya ruta yako, MT7628, chini ya OpenWrt imekuwa na malalamiko ya miaka mingi, hasa kuzubaa ikiwa na simu nyingi. Weka upana wa MHz 20, chagua chaneli 1, 6 au 11 ile ambayo majirani wameiacha, na ikiendelea kukusumbua zima redio yake kabisa, uitumie kama ruta ya kebo na SQM tu, waifai itoke kwenye zile ruta ndogo za kila nyumba. Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye mpango huo.

Siku utakapotaka kubadilisha, tafuta iliyo na megabaiti 16 za kuhifadhi na 128 za kufanyia kazi, au zaidi, yenye chipu ya MediaTek MT7621 au ya Qualcomm Atheros. Zile za Broadcom ziache hata zikiwa za bei nzuri, kwa kuwa madereva huria ya waifai yake ni dhaifu. Fungua orodha ya vifaa ya OpenWrt kwenye simu ukiwa umesimama pale pale mbele ya muuzaji, utafute jina pamoja na toleo, na ukisoma ukurasa wa kifaa anza na sehemu ya kurejesha kabla ya ile ya kusakinisha. Ikiwa haina njia ya kurejesha bila kufungua kasha, mrudishie muuzaji.